Baridi ya Bondeni

Nilizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo baridi ni jambo la majuma machache kwa mwaka, na hata majuma hayo mtu hujifunika shuka moja na kulalamika kama mgonjwa. Siyasemi haya kwa kujitetea. Nimejitetea vya kutosha maishani, tena mbele ya watu waliokuwa na madaraka ya kuniamini. Nayasema ili ieleweke kwa nini, nilipomaliza kidato cha nne na kupewa kazi ya msaidizi wa bwana shamba kule juu Umatengoni, upande wa Matiri, kitu cha kwanza nilichokichukia kilikuwa asubuhi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bondeni, karibu na kijito, pale ambapo kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinapimwa viwanja. Nililala kwenye kibanda kilichoungana na ofisi hiyo. Bwana shamba mwenyewe, mkubwa wangu, alikaa Mbinga na alikuja mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Kwa hiyo watu waliniita mimi Bwana Shamba, na sikuwasahihisha.

Nyuma palikuwa na ua mdogo wa fito. Ndani yake kulikuwa na kopo la kupimia mvua na kisanduku cheupe chenye miguu minne, kuta zake zimeachwa nyufa ili hewa ipite. Kisanduku kilikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa na kijiti chembamba ndani ya kioo, ambacho husogea pamoja na baridi na kubaki pale baridi ilipofikia kikomo chake, hata jua likitoka baadaye. Agizo lilikuwa nikisome kila siku saa moja asubuhi, niandike kwenye daftari, kisha nikiinamishe ili kijiti kirudi mahali pake. Mwisho wa mwezi nakala ya daftari ilipanda lori kwenda mkoani.

Nilifika mwezi wa tisa, baridi imekwisha. Nilisoma kila siku bila kukosa, nikiwa nimevaa shati la kazi na kalamu mfukoni. Mwezi wa sita ulipoingia, niliacha. Hapakuwa na sababu kubwa. Asubuhi moja niliamka, nikasikia jinsi hewa ya nje inavyopita chini ya mlango, nikajiambia kwamba jana zilikuwa nyuzi nane na leo zitakuwa nane. Nikaandika nane baada ya chai. Kesho yake nikaandika saba. Hakuna aliyeuliza. Baada ya muda nilikuwa naandika juma zima Jumamosi, kwa kikao kimoja: nane, saba, tisa, saba. Nilibadilisha kalamu katikati ili ionekane ni maandishi ya siku mbalimbali. Katika hilo sikuwa mvivu. Mkoani waliniandikia barua wakisifu usafi wa daftari langu, nami niliitunza barua hiyo.

Kazi yangu nyingine ilikuwa taarifa ya hali ya hewa. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni nilikaa mbele ya redio ya ofisi, nikanakili taarifa ya juma linalofuata, nikaiandika upya kwa herufi kubwa na kuipigilia ukutani kwenye ghala la ushirika. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, Jumapili niliisoma kwa sauti nje ya kanisa, misa ikitoka. Mimi ni Mwanglikana. Nilikuwa nawasubiri chini ya kengele hadi Wakatoliki wamalize, na wao walisema mimi ndiye Mwanglikana anayehudhuria misa kuliko wao.

Kitalu cha miche ya kahawa cha kijiji kilikuwa juu, nusu saa ya kupanda kutoka ofisini, kwenye ntambo wa mzee mmoja. Ntambo ni mgongo wa kilima kati ya vijito viwili, ambao ukoo mmoja huulima tangu kwa babu zao. Wa mzee huyu ulikuwa umejaa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa kama sega la nyuki, kila shimo likikamata mvua yake ili udongo usiteremke. Kwa mbali ungedhani mtu ameufuma mlima mzima kwa mkono. Nyumba yake ilikuwa katikati, kitalu kando yake, na nyuma ya nyumba makaburi.

Mwaka wangu wa pili kule amri ilikuwa imeshatoka kwamba kila nyumba ishuke bondeni, kwenye viwanja. Mzee aliomba kubaki. Kamati ya kijiji ilimkubalia kwa sharti moja, na mimi ndiye niliyeliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: atabaki juu kama mtunza kitalu, ilimradi miche ifike msimu wa mvua ikiwa hai, ipandwe kwenye shamba la ujamaa. Ikifika, atapewa mbegu za mwaka unaofuata na ataendelea kukaa. Isipofika, atashuka kama wenzake.

Nilipompelekea habari hiyo alinionyesha makaburi kwa kidevu.

"Baba yupo pale. Babu yule pale. Nikishuka nitawaambia nini? Wahame na wao?"

"Waulize kwanza kama wana kadi ya chama," alisema mkewe kutoka jikoni.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mkewe alikuwa mama mnene, mwepesi wa ulimi, na alikuwa amenipania kwa sababu ya kwetu. Kila nilipopanda kwenda kukagua miche alinikaribisha kwa maneno yaleyale: "Karibu, Bwana Shamba. Kaa ule, lakini usitafute usipa kwenye sahani. Huku tuna maharage tu." Usipa ni dagaa wetu wa ziwani. Nilikula maharage yake kwa muda wote niliokaa kule, na sikumbuki siku aliyoniruhusu nishuke na njaa.

Miche ilikuwa mizuri. Mzee aliipanda kwenye vikopo alivyovisuka kwa maganda ya migomba, akaijengea kichanja cha majani juu ili jua lisiichome. Alipoimwagilia alikwenda mstari kwa mstari akiisemesha Kimatengo. Nilimuuliza siku moja anaiambia nini. "Naiambia ikue haraka," alisema, "kuna watu bondeni wananisubiri."

Jumamosi moja ya mwezi wa sita mwaka ule, redio ilisema juma linalokuja nyanda za juu za kusini zitapata mvua nyepesi mabondeni katikati ya juma, na milimani baridi kali, huenda maji yakaganda sehemu za juu. Kwenye ule mlima mrefu wa kaskazini, theluji ingeongezeka kileleni. Niliandika yote.

Jumapili nilipoyasoma, mama mmoja aliuliza theluji ndiyo nini.

"Ni mvua iliyoganda," nilimwambia. "Inaanguka taratibu, nyeupe, kama unga."

"Unga?"

"Kama unga."

"Basi andika barua waielekeze huku."

Watu walicheka, nami nilicheka. Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alikuwa mtu wa makini, zamani mwalimu wa katekisimu, na yale maneno mengine yalikuwa yamemwingia. Alinivuta pembeni, kwenye ngazi za ghala.

"Hiyo baridi ya milimani. Kitalu kiko mlimani."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Tunafanyaje?"

Sikufikiri sana. Shuleni tulifundishwa kwamba kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi, na katika jiografia nilikuwa nikipata alama nzuri. "Tukishushe," nilisema. "Bondeni kutakuwa na mvua nyepesi. Miche itakunywa yenyewe."

Mzee aliitwa. Watu waliokuwa wanarudi makwao walisimama kusikiliza. Mwenyekiti alimweleza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, baridi ya huku si ya kitabuni. Usiku inateremka, inakuja kulala bondeni. Siku moja simama kwangu asubuhi utazame ukungu umelala wapi. Nyasi zinazoamka nyeupe ni hizi zenu za kijitoni. Zangu mbuzi anakula."

"Mzee wangu, taarifa imesema milimani," alisema Mwenyekiti.

"Taarifa ililala kwangu lini?"

Watu waliangua kicheko. Kijana mmoja alirudia maneno yale kwa sauti, wakacheka tena. Nilisikia masikio yangu yanapata moto. Leo, nikijipima, naona kwamba kama wasingecheka huenda ningenyamaza. Sisemi kosa ni lao.

Niliingia ofisini nikatoka na daftari. Nililifungua kwenye mwezi wa sita wa mwaka uliopita.

"Hii hapa ni baridi ya bondeni, siku kwa siku," nilisema. "Chini kabisa ni nyuzi saba. Maji yanaganda kwenye sifuri. Hapa bondeni hapajafika sifuri hata siku moja."

Mzee hakujua kusoma. Alilichukua daftari kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda mrefu, akafunua karatasi moja, halafu nyingine. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, si kwa kunitega:

"Hivi vyote umeviona wewe? Kwa macho?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mimi nimezeeka," alisema, akanirudishia daftari langu.

Jumatatu na Jumanne kijiji kizima kilipanda kushusha miche. Wanawake waliibeba kichwani kwenye nyungo na vikapu, wanaume kwenye machela za mianzi. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama, kama zile picha za magazetini za watu wanaojenga taifa. Mke wa mzee alipita mbele yangu na ungo kichwani. "Miche inahamia kijijini kabla yetu, Bwana Shamba. Iandike, ni ya mfano." Ile michache iliyodumaa tuliiacha juu, haikufaa kubebwa.

Tuliipanga kwenye tambarare kati ya ofisi na kijito. Kichanja hatukuwa na muda wa kukijenga. Jumanne alasiri mzee alikuja na mafungu ya nyasi kavu aliyoyakata mwenyewe, akaanza kuyatandaza juu ya miche. Nilimzuia. Nilimwambia mvua nyepesi inakuja, ukiifunika haitapata maji.

Alitazama juu. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yameondoka yote. Mbingu ilikuwa safi kabisa, ya buluu isiyo na doa.

"Mvua ipi?"

"Ya katikati ya juma, baba. Kesho."

Alisimama na fungu la nyasi kifuani. Mkewe alimwambia jambo kwa Kimatengo, haraka, kwa ukali. Mzee alilishusha fungu chini polepole.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye unayeandika."

Asubuhi ya Jumatano niliamshwa na sauti za watu. Ilikuwa inakaribia saa mbili. Nilitoka nimejifunga blanketi. Nyasi zote za kando ya kijito zilikuwa nyeupe, umande umeganda juu yake, na zilikuwa zinalia chini ya miguu ya watu. Majani ya kahawa yalikuwa yamelegea, yana rangi ya mboga iliyochemshwa ikapitiliza. Kufikia adhuhuri yalikuwa meusi. Juu kwenye ntambo wa mzee jua lilikuwa limeshafika, na kote kulikuwa kijani kitupu.

Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye mstari wa kwanza. Alishika jani moja, akalisugua kati ya vidole, likasagika. Akashika la pili. Nilimwona anakwenda hivyo mstari hadi mstari, kama alivyokuwa akifanya wakati wa kumwagilia.

Nilizunguka nyuma ya ofisi, nikafungua kisanduku. Sikuwa nimekisoma tangu sijui lini, lakini Jumamosi nilikuwa nimekiinamisha kwa mazoea, bila kukitazama. Kijiti kilikuwa chini ya sifuri. Kilikuwa wazi kabisa, hata mtu asiyejua kusoma angeelewa. Nilikitazama, nikakiinamisha, kikarudi.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilihisi nini pale. Nadhani sikuhisi kitu. Nilifikiri tu, kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari. Kama nikiandika namba ya kweli, watauliza vipi bonde ambalo mwaka mzima halijapungua nyuzi saba limefika hapo kwa usiku mmoja. Watafunua nyuma. Wataona kalamu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa na kazi ya serikali, na nyumbani ufukweni mama yangu alikuwa anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anapima hali ya hewa ya nchi. Nikaandika saba.

Mkubwa wangu alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu wa kutoka mikoa ya kaskazini, mwenye haraka, si mbaya. Aliikagua miche, akaingia ofisini, akaomba daftari kabla hata hajaketi. Aliliamini kwa sababu ya ile barua ya kulisifu. Alipiga kidole kwenye Jumatano.

"Nyuzi saba haziui kahawa."

"Hapana, Bwana."

"Sasa imeuawa na nini?"

Nilikaa kimya. Mtu akikaa kimya mbele ya mkubwa, mkubwa humalizia mwenyewe. "Haikutunzwa," alisema. "Imeng'olewa, imebebwa, haikufunikwa, haikumwagiliwa. Nani mtunzaji?"

Baraza lilifanyika Jumapili, palepale mbele ya ghala. Mzee alikuja na mche mmoja mkononi, ulioshindwa kukua, mmoja wa ile tuliyoiacha juu. Ulikuwa mfupi, lakini majani yake yalikuwa hai, yanang'aa. Aliuweka mezani mbele ya mkubwa wangu na Mwenyekiti.

"Huu ulibaki mlimani," alisema. "Usiku uleule. Baridi ileile."

Mkubwa wangu aliutazama. Nadhani kwa nukta moja alianza kufikiri. Kisha alifungua daftari, akasoma kwa sauti: nyuzi saba. Watu walinong'ona. Walikuwa wameziona nyasi nyeupe kwa macho yao, lakini wakati ule kitu kilichoandikwa na kupigwa mstari kilikuwa na nguvu ambayo macho hayakuwa nayo. Mmoja alisema labda ule ulikuwa ukungu tu. Mwingine akaafiki.

Mzee alinitafuta katikati ya watu.

"Bwana Shamba alikuwepo. Alitoka na blanketi, akasimama pale. Aseme yeye."

Mkubwa wangu alinigeukia. "Haya, sema."

"Daftari limeeleza," nilisema.

"Miche ilifunikwa?"

"Haikufunikwa."

Hilo lilikuwa kweli. Nililichagua kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilingoja mzee aseme ni nani aliyezuia isifunikwe, na nilikuwa nimeshaandaa jibu. Hakusema. Alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Mkewe ndiye aliyesema, kutoka kwa wanawake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Kumbe hawa wa ziwani hawali usipa peke yake!"

Mwenyekiti alimwambia akae kimya, mama, hapa ni barazani. Mche ule ulibaki mezani hadi watu walipotawanyika, na sijui nani aliuondoa.

Mzee alishuka kabla mwezi wa saba haujakwisha. Hakusukumwa na mtu. Watu wa shina la nyumba kumi walikwenda kusaidia kuezua paa, wakateremsha nguzo na milango, na mimi nilikuwepo kwa sababu ilikuwa kazi yangu kuandika kiwanja gani kimechukuliwa na nani. Alipewa cha tatu kutoka ofisini. Siku hiyo nilimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitika "Marahaba, mwanangu," kama kawaida. Mkewe hakuitikia, wala hakunikaribisha tena kula. Niliandika namba ya kiwanja na jina.

Mwaka ukazunguka. Shamba la ujamaa likapandwa mahindi badala ya kahawa. Juu kule, mashimo ya ngolo yasipochimbwa upya hujaa yenyewe. Mvua za masika ziliteremka na udongo mwekundu hadi kwenye kijito, nikaona maji yanabadilika rangi. Nilikuwa nimeanza tena kusoma kisanduku baadhi ya siku, siku zisizo na baridi.

Asubuhi ya kwanza ya mwezi wa sita mtu aligonga mlango wangu.

"Hodi."

Nilimjua kwa sauti. Nilifungua nimejifunga blanketi. Mzee alikuwa amevaa koti kuukuu la jeshi, amesimama wima.

"Nimeuliza," alisema. "Wanasema ni saa moja. Twende tukasome."

Nilivaa viatu. Tulizunguka nyuma, nikafungua kisanduku, nikasoma. Aliinama karibu yangu, akatazama kijiti kwa muda.

"Kinasema nini?"

"Tatu, baba."

"Tatu," alirudia. "Andika."

Niliandika mbele yake. Alinitazama nikiandika, kisha akaaga na kwenda zake. Kesho yake saa moja aligonga. Na kesho kutwa. Hakuwahi kunishutumu. Tulisoma mbili, tukasoma nne, tukasoma moja. Katikati ya mwezi, asubuhi ambayo nyasi za kijitoni ziliamka nyeupe, tulisoma chini ya sifuri. Nilimwambia. Alitikisa kichwa taratibu, bila kushangilia.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mwisho wa mwezi linapanda lori?"

"Ndiyo."

"Basi wakiona, watajua," alisema. "Watasema yule mzee hakuzembea, kitalu mahali pake ni kule. Au siyo?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anakuja. Nilidhani anakuja kunitesa. Alikuwa anatafuta ruhusa ya kurudi nyumbani kwake, na alikuwa ameona kwamba ruhusa hutoka kwenye daftari, akaamua kulijaza kwa njia pekee aliyoijua.

Nilimwambia, "Huenda, baba."

Na kweli waliona. Barua ilikuja mwezi wa nane. Waliuliza kwa nini bonde lililokuwa na nyuzi saba, nane na tisa kwa misimu miwili ya baridi sasa lina namba za namna hii. Walitaka maelezo kwa maandishi. Niliisoma barua ile mara tatu. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, na mzee alikuwa hai, kiwanja cha tatu, moshi wake naouona dirishani. Mstari mmoja ungetosha: namba za zamani si za kweli, nilizitunga.

Niliwaandikia kwamba nashuku kipimajoto kimeharibika, na namba za mwezi wa sita na wa saba zisitumike.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye wakati ule. Nimerudi ufukweni, nina shamba dogo la mihogo, na wajukuu wanaonishangaa ninavyovaa sweta jioni. Wakati mwingine huwa nasubiri majuto yanishike kooni kama wanavyosimulia watu, hayaji. Kinachokuja ni ile namba, saba, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jibu lao lilifika ndani ya boksi lililojazwa nyasi kavu. Walikuwa wametuma kipimajoto kipya, pamoja na shukrani kwa uangalifu wangu. Mzee aliliona lori, akaja kutazama. Alinisaidia kukifunga, akakishikilia wakati mimi nakaza skrubu. Aliuliza kama hiki kinaona vizuri zaidi kuliko kile cha zamani.

Nilimwambia ndiyo.

"Basi na hiki kitawaambia," alisema. Kesho yake, saa moja, akagonga.